Diani au Pirates kwa siku moja na watoto?

Dada, kama mwatoka Mombasa mjini asubuhi na kurudi jioni na watoto wa miaka 4 na 6, mimi ningewapeleka ufuo wa Diani, lakini tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa yamekupwa kama saa nne asubuhi. Mtakuta miamba na mwani, kuogelea hakuna mpaka alasiri. Hilo wengi hawaambiwi, wakifika wanavunjika moyo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali, watoto wataoga raha mustarehe.

Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu. Ng'ambo pandeni matatu ya Ukunda, kisha tuktuk hadi ufuoni. Mkiwa na gari, piteni barabara ya Dongo Kundu, mwaepuka foleni ya feri.

Ufuo wa Pirates pale Bamburi ni karibu na nauli ni ndogo, ila Jumapili na sikukuu pamejaa mno, na mtoto kupotea ni rahisi. Siku ya kazi nendeni tu. Wavisheni viatu vya kuogea, tafadhali: mwiba wa fuma, yule mdudu wa baharini mwenye miiba mirefu, huuma hasa.