Mbuna wakigombana, mtoe mbabe

Mtu akinipigia simu kuniambia samaki wake wanauana, swali langu la kwanza ni: umemtoa nani? Karibu wote hujibu kwamba wamemtoa yule aliyeumia. Huruma hiyo naielewa, lakini siku chache baadaye mbabe anakuwa ameshapata mwingine wa kumwandama.

Nazungumzia mbuna, wale samaki wadogo wa rangi kali wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba. Ukifika Matema, pale Milima ya Livingstone inapoteremka hadi majini, utaona dume na jiwe lake, na mwenzake akisogea anatimuliwa. Ziwani anayetimuliwa ana pa kwenda. Kwenye tangi la futi nne, akigeuka tu yuko tena mbele ya mbabe.

Anayeonewa utamjua kabla mapezi hayajachanika. Hujibana kona ya juu karibu na bomba la filta, mapezi ameyakunja, na chakula kikimwagwa hashuki. Akiwa mmoja tu, anaonewa. Wakiwa wote wanahema juu juu, achana na habari za ugomvi, shughulikia maji kwanza.

Kwa hiyo mtoe mbabe. Mweke pembeni kwenye chombo chenye hita na pampu ya hewa, siku nne tano hivi. Akiwa huko, hamisha mawe yote. Watu wengi hapa ndipo wanaporuka, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye dawa. Mbuna anapigania mahali: pango hili, ubavu huu wa jiwe. Mawe yakipangwa upya hakuna tena mwenye nyumba, na mbabe akirudi anakuta wenzake wameshagawana, mgeni ni yeye. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, mchanga umwagwe baadaye, maana hawa samaki wanachimba, na jiwe lililolala juu ya mchanga iko siku litaporomoka na kupasua kioo. Yarundike mpaka usione upande wa pili. Mkimbizwa akishapotea machoni, mara nyingi mkimbizaji anaacha.

Hesabu na madume. Kwa kila aina, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi. Jike akiwa peke yake na dume hapumziki, na akibeba mayai mdomoni hukaa kama wiki tatu bila kula vizuri, hivyo anakuwa dhaifu wakati anapoandamwa zaidi.

Wanaoanza kufuga hawaniamini nikiwaambia kwamba uchache nao unaleta vita. Wakiwa watatu wanne, mbabe anamkalia mmoja kutwa nzima. Wakiongezeka, anakosa wa kumshikilia. Ila wingi unadai filta yenye nguvu na kubadilisha robo ya maji kila wiki. Kama huna muda huo, usiongeze.

Chakula mwage pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, mbabe hawezi kulinda kote. Mchicha uliochemshwa kidogo wanaupenda. Nyama usiwape, hawa kwao ni watafuna mwani wa kwenye mawe, na nyama huwavimbisha tumbo.

Halafu baridi yetu. Ziwa liko chini huko Kyela, sisi Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, na mbuna anataka nyuzi 24 hadi 27. Juni na Julai maji ya bomba usiyamwage yalivyo. Changanya na ya moto mpaka mkono usisikie tofauti na ya tangini. Umeme ukikatika usiku, lifunike tangi kwa blanketi na usilishe.

Kuna madume wasiosikia. Ukimrudisha mara ya pili na bado anachana wenzake, mpe mwenye tangi kubwa kuliko lako, au badilishaneni. Ila usimpeleke kumwachia Kyela eti anarudi kwao. Wengi wa tunaowanunua asili yao ni sehemu nyingine kabisa za ziwa, na samaki wa tangini anaweza kupeleka magonjwa kule.