"Peer" si mwenza kila mahali: muulizeni aliyelipia nakala 300

Mkuu, usitume hiyo tafsiri! Unasema kila penye neno la Kiingereza "peer" umeweka "mwenza", unataka tuthibitishe kabla ya saa kumi, halafu tukusaidie na matamshi. Mimi sithibitishi kitu.

Nilipewa wasifu wa mzee mmoja Mwingereza, mfadhili, uingie kwenye kijitabu cha hafla. Mle ndani kulikuwa na "life peer". Nikaandika kwa mkono wangu huu: "Malkia alimpa mwenza wa maisha." Siku yenyewe mshereheshaji akaisoma kwa sauti, mzee yuko meza kuu na mkewe ubavuni. Huko nyuma mama mmoja akapiga kigelegele. Nakala 300 nikazichapisha upya kwa pesa yangu, na mteja hajapokea simu yangu hadi leo. Angalau nilimwozesha bila mahari.

Aliyeniponza ni mwalimu wa kozi ya tafsiri: "Peer ni mwenza, basi, usijichoshe." Asijichoshe yeye, ada si alishakula!

Sikia. Neno limetoka Kilatini, par, yaani sawa, likapitia Kifaransa cha kale. Magna Carta, ile hati ya haki ya mfalme wa Uingereza ya 1215, inasema mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya walio sawa naye au kwa sheria ya nchi. Sasa wale wakubwa waliopewa ardhi na mfalme mwenyewe walikuwa sawa wao kwa wao, siyo sawa na mimi na wewe. Usawa ukageuka cheo hivyo hivyo. Mpaka 1948, lodi, yaani mwenye cheo hicho, akishtakiwa kosa kubwa alihukumiwa na malodi wenzake. Sheria ya 1958 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengi wenye cheo kinachoishia kwa mwenyewe, watoto hawarithi. Huyo ndiye life peer, na mimi nilimfanya bi harusi.

Kwa hiyo kabla hujaandika, jiulize: sawa na nani? Wakiwa vijana wa kliniki wanaowafundisha wenzao, ni waelimishaji rika. Akiwepo malkia au mfalme jirani, ni lodi. Na usikimbilie "kabaila". Tangu Azimio la Arusha neno hilo ni tusi, mzee wa watu atadhani unamnyang'anya shamba.

Sawa na nani, mkuu. Hebu bandika hapa ile aya yenye malkia.