NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza: mgeni anatibiwa bure kwa pesa za nani?

Ndugu, umeuliza kama wageni wanaofanya kazi Uingereza wanatibiwa bure kwa jasho la wenyeji. Hapana. Tangu Februari 2024, anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 kwa kawaida hutozwa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mwanafunzi 776, tena zote kwa mkupuo kabla hajapanda ndege. Miaka 3 ni pauni 3,105, hata asipougua mafua! Akianza kazi, mshahara unakatwa kodi ileile inayoibeba NHS. Kwangu mimi huko ni kumlipisha mara mbili, na si haki. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo. Mtalii ndiye ajihadhari: chumba cha dharura ni bure, ila akilazwa anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama, kwa hiyo akate bima.