Paa la ghala linavuja kila masika, nibadilishe mabati?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia ghala la mchele hapa Dar es Salaam. Paa ni la mabati marefu, mita 12 kila moja, lina miaka 9. Kila masika linavuja. Fundi ameshapaka silikoni mara tatu, lakini mvua zikirudi tunahamisha magunia upya. Nibadilishe mabati yote? Na paa likaguliwe mara ngapi kwa mwaka?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usinunue mabati bado. Kwa maelezo yako nashuku skrubu kwanza, gata pili, bati mwisho.

Jua la Februari huweza kulipasha bati hadi likapita nyuzi 60. Wingu likifunga na mvua ikashuka ghafla, bati hilo hupoa kwa dakika chache tu. Bati la chuma la mita 12 likipoteza nyuzi 40 hufupika karibu milimita 6, na jua likitoka linarefuka tena. Mvutano huo wote unaishia kwenye skrubu. Tundu linapanuka kidogo kidogo, na washa ya mpira iliyo chini ya kichwa cha skrubu inakauka kwa jua hadi inapasuka. Silikoni ukiipaka juu yake inabanduka, maana bati lenyewe halitulii.

Fungua skrubu moja upande unaopigwa sana na jua, ukunje ule mpira kwa vidole. Ukikatika kama ganda kavu, fungua nyingine tano sita za upande huohuo; zikiwa hivyohivyo, badilisha upande mzima. Tundu lililolegea usilirudishie skrubu ya unene uleule. Kama zilizopo ni za milimita 5.5, weka za 6.3 zenye washa mpya. Na fundi aachie drili mara mpira unapoanza kubonyea. Ukishatokeza pembeni, ameukaza kupita kiasi na hautadumu.

Usitafute tundu juu ya doa moja kwa moja. Maji hutambaa juu ya papi, zile mbao au vyuma vinavyobeba bati, mita kadhaa kabla ya kudondoka, kwa hiyo anzia penye doa, kisha panda kuelekea kofia ya paa kule kileleni, ukikagua kila skrubu na kila maungio.

Gata nayo isidharauliwe. Paa la mita 30 kwa 20 likinyeshewa milimita 50 linapokea lita 30,000. Kiota kimoja cha kunguru kwenye mdomo wa bomba la kushushia kinatosha kuyarudisha maji chini ya bati, halafu lawama zote zinaangukia bati.

Angalia pia maji ya kiyoyozi. Yakipita kwenye bomba la shaba kisha yakadondokea bati, yanakula zinki mpaka kutu nyekundu itokee. Yaelekeze kwa bomba la plastiki hadi kwenye gata. Mabaki ya chuma ya grenda na drili yafagiliwe siku ileile, la sivyo kila chembe inaacha kidonda cha kutu.

Kagua mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Ongeza ukaguzi kila baada ya upepo mkali. Piga picha sehemu zilezile kila mara, ili uone kutu inakwenda au imesimama. Bati linabadilishwa pale bisibisi inapopenya ukibonyeza kwenye kutu, na mara nyingi huwa ni mabati machache ya upande mmoja.

Anayepanda afunge mkanda wa usalama na akanyage kwenye mstari wa skrubu, maana ndipo papi ilipo. Yale mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga nakusihi sana: yakipauka yanafanana na ya chuma, na hayabebi mtu. Kabla hajapanda yeyote, yahesabu ukiwa ndani ya ghala, uchore yalipo, kisha umpe fundi mchoro huo mkononi.