Kaka, ploti ya Mtwapa iache kwanza

Ile sauti ya dakika sita aliyonitumia mwanao nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye basi natoka kazini. Anataka kuja Marekani kusomea uzamili wa uandishi wa kitaalamu, yaani uandishi wa miongozo ya mitambo, ripoti, maombi ya ruzuku, maelezo ya vifaa vya hospitali. Anauliza kama kazi ipo baadaye. Nawe kaka ukaingia mwishoni ukasema mteja wa ploti ya Mtwapa yupo na harambee mtaiitisha Desemba. Nawajibu nyote wawili, na nitayasema hata yale ambayo mimi sikuambiwa nilipokuja Ohio.

Kwanza ploti. Usiuze. Masomo haya si ya kujilipia karo. Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huku, awe wa uhandisi au wa uuguzi, sharti apitie darasa la uandishi, na maprofesa wa idara za Kiingereza hawatoshi kuyafundisha madarasa yote hayo. Basi vyuo vingi huwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kufundisha, vikawasamehe karo na kuwapa posho. Ndivyo nilivyosoma mimi. Chuo kikimkubali kijana bila ufadhili wa aina hiyo, barua hiyo msiipigie vigelegele. Ajaribu kwingine au angoje mwaka mwingine. Maombi ya nafasi hizo mara nyingi hufungwa kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo wakati nyinyi mnapanga viti vya harambee, yeye anatakiwa awe ameshatuma sampuli zake.

Posho yenyewe ni ya kuponea. Yangu haikufika dola 1,500 kwa mwezi, tena kwa miezi tisa tu. Viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu zaidi ya saa 20 za kazi kwa wiki masomo yakiendelea, na zile saa 20 zilikwisha kwenye kufundisha na kusahihisha. Kiangazi cha kwanza, posho imekatika, ndipo mlipoanza mchango wa arusi ya binamu yetu. Simu zenu niliziona zote. Sikuzipokea kwa sababu sikuwa nacho, na nikaona haya kusema sina nami niko Marekani. Mlidhani nimebadilika. Nilitaka siku moja niwaeleze, na leo nimeeleza.

Sasa wewe, mwanangu. Umesema kwa miaka minne umekuwa ukikesha kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, hata tasnifu za uzamili, na kwamba tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kazi zimekauka. Umesema, "Shangazi, nimeshawaandikia masta zao, kwa nini nisiandike yangu?" Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa mimi nilikaa upande wa pili wa kazi hiyo. Muhula wangu wa pili wa kufundisha nilisahihisha insha ya mvulana ambaye darasani hakuwa akifungua mdomo. Insha ilinyooka, marejeleo yamepangwa barabara, na katikati ukakaa msemo wetu wa Kiingereza cha Kenya ambao Mmarekani hautumii. Nikaweka kalamu chini. Nilijua kuna mtu Nairobi, Roysambu au Kasarani, aliyeiandika saa tisa za usiku kwa dola chache, labda ana digrii nzuri kuliko ya huyu mtoto. Nilimwita mvulana, akakiri. Yeye alipewa nafasi ya kurudia. Yule aliyeandika hakuna aliyemuuliza jina.

Kwa hiyo sikulaumu, lakini ujue mambo mawili. Insha hizo huwezi kuzionyesha popote kama kazi yako, maana zina majina ya watu wengine, na ukizitaja kwenye maombi umejifungia mlango mwenyewe. Na huku hutakuja kuendeleza ulichokuwa ukifanya. Wewe umezoea kuandika ili profesa aridhike. Huku utafundishwa kuandika kwa ajili ya mtu ambaye hataki kusoma, ana haraka, mkono mmoja ameshika kifaa.

Nikupe mfano. Katika somo la kupima miongozo tulipewa ukurasa wa maelekezo ya mashine ya kupimia presha nyumbani. Mwenzangu alikuwa ameuandika vizuri, mimi nilikaa pembeni na daftari. Akaja mzee wa miaka sabini na kitu, akavaa ile kanda mkononi, akasoma hatua ya nne: bonyeza kitufe cha kuanza. Akabonyeza. Kanda ikaanza kujaa. Ndipo akasoma sentensi iliyofuata, kwamba kabla ya kubonyeza mkono uwe umelingana na moyo. Mkono wake ulikuwa umening'inia kando ya kiti. Akatutazama kama mtu aliyefeli mtihani, akaomba radhi. Sentensi haikuwa na kosa hata la nukta, ila ilikaa mahali ambapo haiwezi kumfaa mtu. Nililala na sura ya yule mzee siku kadhaa. Huo ndio uzamili wenyewe. Mengine yote, nadharia za balagha, programu za kutungia miongozo kama MadCap Flare, alama za XML za kupangia maandishi kwenye kompyuta, utajifunza na baadhi utayasahau.

Umeniuliza pia kama Kiingereza chako kitatosha, nawe ni mtoto wa Kiswahili. Mimi nilivaa diski, kile kibao cha adhabu, shingoni shule ya msingi kwa kukutwa nikisema Kiswahili, na nilifika hapa nikiamini kwamba lugha yangu ni kasoro ya kufichwa. Kazini kwangu, ambako tunaandika maelekezo ya vifaa vya hospitali, tuliletewa hatua iliyotumia neno replace kwa kichujio cha hewa. Wenyeji wa lugha walipita juu yake. Mimi nilikwama, kwa kuwa kila sentensi huwa naipitisha kwenye Kiswahili kimoyomoyo, na Kiswahili kilinidai nichague: tunamwambia muuguzi arudishe kichujio kile kile au atie kipya? Nikamfuata mhandisi, akanyamaza kidogo, kisha akasema kipya, cha zamani kinatupwa. Huo mtihani wa kimoyomoyo sikufundishwa na chuo. Nimetoka nao Kilifi, nawe unao.

Kuhusu kazi nisikupambie. Takwimu za serikali za Mei 2023 zilionyesha nusu ya waandishi wa kiufundi Marekani walipata zaidi ya dola 80,050 kwa mwaka, na watangazaji wa vyuo wanapenda kuitaja namba hiyo. Anayeanza hapati hiyo. Na soko limebana: chama chetu, Society for Technical Communication, kilichokuwapo tangu 1953, kilifunga na kutangaza kufilisika Januari 2025. Timu yetu ilikuwa ya watu tisa, leo tuko watano, na rasimu za kwanza nyingi zinatoka kwenye mashine. Tuliobaki ni wale wanaomfuata mhandisi hadi karakana, wanaokaa na mgonjwa akijaribu kifaa, na wanaotia saini kwamba maelekezo haya ni salama. Hiyo kazi naipenda, na naamini haitakwisha kesho, lakini nafasi ni chache kuliko nilipoanza mimi.

Halafu kuna makaratasi, na hapa ndipo wengi wetu huanguka. Ukimaliza unapewa miezi 12 ya kufanya kazi, na ndani yake ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, ruhusa imeharibika. Mimi nilituma maombi 61, nikaitwa mara tatu. Kwenye usaili mmoja bwana mmoja aliyeshika sampuli zangu mkononi aliniuliza kama nitaweza kuandika Kiingereza. Kazi niliipata siku ya 74. Fani za sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24, lakini uandishi kwa kawaida haumo katika orodha hiyo. Programu chache zilizosajiliwa kama mawasiliano ya kidijitali zimo. Kabla hujakubali nafasi yoyote, uliza nambari ya fani itakayoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa ya kuombea viza. Swali hilo moja lina thamani ya miaka miwili. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi, nafasi 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, 20,000 kati yake zikiwa za wenye uzamili wa hapa. Na Septemba 2025 serikali iliagiza mwajiri anayemleta mtu mpya kutoka nje kwa viza hiyo alipe dola 100,000, kwa hiyo usidhani utarudi nyumbani kisha uitwe. Hakuna atakayemlipia mwandishi kiasi hicho.

Kaka, nikipima yote haya bado nasema aombe, kwa ufadhili tu, vyuo vitano au sita, na Mtwapa ibaki Mtwapa. Ada za maombi nitazilipa mimi.

Mwanangu, kabla sijatuma senti, nifanyie kitu. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, jinsi ya kulipa bili ya maji kwa Paybill ya M-Pesa. Mpe bibi yako na simu yake, ukae kando usiseme neno, hata akikosea. Andika kila anaposita. Kisha uandike ukurasa upya, unitumie kurasa zote mbili, wa kwanza na wa pili, pamoja na hayo maandishi ya pembeni.