Ukingojea gari bandarini Dar, vuka uone Mji Mkongwe

Mdogo wangu, umeuliza hivi: gari yako imeshuka bandari ya Dar, deklarani (wakala wa kutoa mizigo bandarini) anakuambia ungoje siku chache, na unataka kujua kama Zanzibar kuna kitu cha kuona au ni ufukwe wa wazungu tu. Mimi nimepita njia hiyo ya Kasumbalesa, Tunduma, Dar mara nyingi kwa ajili ya biashara, na jibu langu ni: vuka. Lakini ufukwe waachie wenye likizo. Lala Mji Mkongwe, tembea kwa miguu, maana sisi watu wa Katanga tuna habari zetu nyingi mle ndani kuliko tunavyofundishwa shuleni.

Mambo ya karatasi nayamaliza haraka. Boti za kasi zinaondokea mjini Dar, karibu na kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu, safari ni kama saa mbili. Beba paspoti, hata kama umeshagongewa muhuri mpakani Tunduma, kwa sababu kule wana uhamiaji wao. Beba pia kadi ya njano ya chanjo. Ukitoka Kongo hiyo hawakuachii. Ulizia mapema bima ya wageni waliyoianzisha Oktoba 2024. Na usifikiri utalipa kila kitu kwa dola kama kwetu Lubumbashi: tangu 2025 sheria ya Tanzania inataka manunuzi ya ndani yafanywe kwa shilingi, basi badilisha kabisa ukiwa Dar. Ukishuka bandarini Unguja watakuzunguka vijana wa kukutafutia hoteli, wenyewe wanawaita papasi. Sema "ahsante, mimi mwenyeji" uendelee kutembea. Hawatakuamini, ila watacheka na kukuachia njia.

Sasa mahali pa kuanzia. Watu wengi watakuambia Forodhani, bustani ya kando ya bahari. Mimi nasema anza mtaa wa Mkunazini asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya makundi ya watalii. Pale pana kanisa kuu la Anglikana, limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo wamisioni wakaanza ujenzi. Mbele ya altare utaona duara la marumaru sakafuni: ndipo inaposemwa ulisimama mti wa kuwachapia watu kabla ya kuwauza. Pembeni kuna msalaba mdogo wa mbao. Usiupite. Mbao yake imetoka kwenye mti wa Chitambo, kule Zambia, ambapo moyo wa Livingstone, yule mmisioni msafiri, ulizikwa 1873. Chitambo si mbali na mpaka wetu. Ni upande wa ziwa Bangweulu.

Nje kuna sanamu za watu wamesimamishwa ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Hapo hata mtu wa maneno mengi hunyamaza. Halafu watakuteremsha kwenye vyumba vya chini, dari iko chini mno, unatembea umeinama, na mwongozaji atakuambia watumwa walifungiwa humo. Sikiliza, lakini jua kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisioni baada ya soko kufungwa, na wako wanaosema vile vyumba vilikuwa stoo ya hospitali yao. Maonyesho ya picha na maandishi yaliyo hapohapo ndiyo yenye uzito zaidi. Yasome yote, usikimbilie picha za simu.

Kutoka hapo shika vichochoro uelekee Shangani, uulize nyumba ya Tippu Tip. Huyu ndiye Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwenye misafara ya pembe na watumwa iliyofika Kasongo na Maniema yote. Mwaka 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akampa cheo cha gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Akarudi kuzeeka Unguja, akafa 1905. Nyumba si makumbusho: nilipopita watu walikuwa wanaishi ndani, nguo zimeanikwa madirishani. Utaona mlango tu. Na mlango wenyewe unatosha: mbao nzito iliyochongwa kutoka juu hadi chini. Mimi nilisimama pale nikiwaza ni pembe ngapi za ndovu wetu zililipia ule uchongaji. Mama mmoja akanipita na ndoo ya maji, akaniuliza kama nimepotea.

Milango mingine utaitazama bila kulipa chochote. Yenye tao juu na vifundo vya shaba inafuata mtindo wa Wahindi. Yenye kichwa cha mraba ni ya mtindo wa Kiarabu.

Beit el Ajaib, jumba la Barghash la 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 2020 na tangu hapo ni habari ya matengenezo, kwa hiyo usilijengee ratiba yako. Ngome Kongwe utaimaliza kwa dakika chache. Kisiwa cha Changuu wana kobe wakubwa wazee. Ukiwa na watoto nenda, ukiwa peke yako hela hiyo inunulie urojo, mchuzi wa Unguja.

Urojo ukaule wapi? Si Forodhani, kwa wenyeji. Pale Forodhani jioni ni pazuri kwa kutazama vijana wanavyojirusha baharini, mishkaki na pweza wapo, lakini uliza bei kabla ya kujaziwa sahani. Urojo utafute mchana kwa mama anayeuza mtaani: mchuzi wa njano, mchachu, ndani viazi, bajia, kachori, chatine ya nazi juu. Mtu aliyezoea bukari, ugali wetu, atasema hiki si chakula. Akimaliza bakuli ataomba la pili.

Vaa kwa heshima, na kama ni Ramadhani usile barabarani mchana.

Deklarani akikuongezea siku, ukirudi Dar panda daladala hadi Bagamoyo. Kuna nyumba ya zamani ya misafara, misioni ya 1868, na magofu ya Kaole kando ya mji. Msafara wa Kapteni Stairs, mtu wa Leopold, uliomfuata Mwami Msiri, mfalme wetu wa Katanga, hadi mji wake Bunkeya ulianzia safari yake ya nchi kavu hapo Bagamoyo, 1891. Kufika Desemba 20 mwaka huo Msiri ameshauawa. Ukitaka kujua hoteli za bei ya wafanyabiashara karibu na soko la Darajani kule Unguja, niandikie hapa chini, nitakuelekeza.