Kesi ya mfungwa kufutwa mapema
Pole dada, umeeleza kwamba kesi ya mdogo wako kuhusu kupigwa gerezani imefutwa. Jaji wa mahakama ya shirikisho Marekani hakusema mdogo wako hakupigwa. Amesema hakumaliza ngazi za malalamiko gerezani. Ndivyo ilivyo tangu sheria ya PLRA ya 1996, inayohusu kesi za wafungwa: fomu kwanza, kisha rufaa zote za ndani, na kwa muda uliowekwa. Mwaka 2006, katika kesi ya Woodford v. Ngo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hata malalamiko yaliyochelewa. Sheria kali, kwangu mimi hata haina huruma.

Kama askari magereza walimnyima fomu au kumtisha, aeleze hivyo: uamuzi wa mahakama hiyo katika Ross v. Blake wa 2016 unasema mfungwa halazimiki kumaliza njia ya malalamiko isiyopatikana. Halafu soma amri ya jaji yenyewe, utaona kama anaruhusiwa kufungua kesi upya.